MAMBO YA SHAMBA NA NYUMBA: MAKAO YA MIZIZI PASIPO UDONGO



Mwezi huu ukurasa wetu wa shamba unajibu ulizo ambalo wazazi na walimu hutuuliza mara kwa mara. Ulizo lenyewe ni hili: mtu akitaka kupanda mboga kwa maji ya mbolea pasipo udongo, yaani kwa kilimo kiitwacho haidroponiki, ajaze nini katika chombo chake mahali pa udongo? Muuza duka wa mjini amwambia anunue vitu vitokavyo ng'ambo. Jirani amwambia mchanga watosha. Mwingine amwambia makumbi ya nazi ndiyo yashindayo yote. Basi amsikilize nani?

Neno hili si dogo. Mtu aliyenunua mbegu njema na mbolea na vyombo, akikosea katika kitu hiki kimoja, miche yake yaweza kufa yote katika muda wa majuma mawili, naye asijue sababu. Atasema mbegu zilikuwa mbovu, au atasema kilimo hiki ni cha matajiri tu, na huku fedha ya nyumba imekwisha kupotea. Shuleni hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa watoto wote wa darasa watakwenda kwao na fundisho la kwamba jambo hili haliwezekani.

Kabla ya kuendelea yatupasa kusema wazi: mwenye udongo mwema, na mvua au maji ya kutosha, asiuache udongo wake kwa kutamani mambo mageni. Kilimo hiki chawafaa hasa watu wa namna tatu. Wa kwanza ni wakaao mjini, ambao ua wao ni saruji tupu. Wa pili ni wale ambao udongo wao una chumvi, au ni mwamba. Wa tatu ni wale ambao nyanya zao hunyauka kila mwaka kwa ule ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria, ambao ukiisha kuingia shambani hukaa udongoni miaka mingi, ukashika nyanya, viazi mviringo, biringani na pilipili. Watu hawa wakipata chombo na maji ya mbolea waweza kula mboga zao wenyewe.

KAZI YA UDONGO NI NINI?

Mtu hawezi kuchagua kitu cha kukaa mahali pa udongo asipojua kwanza kazi ya udongo wenyewe. Kazi yake ni nne: huushika mmea usianguke, huuwekea maji, hupitisha hewa mizizini, tena huupa chakula.

Kwa muda mrefu watu hawakujua kutenganisha kazi hizi. Mwaka 1699 bwana mmoja wa Uingereza, jina lake John Woodward, alieleza jinsi alivyootesha nanaa katika maji ya namna mbalimbali. Ile iliyokaa katika maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani ilikua kuliko ile iliyokaa katika maji ya mvua, naye akatambua ya kuwa si maji peke yake yakuzayo mmea, bali kuna kitu kitokacho udongoni na kuingia majini. Hata karibu na mwaka 1860, wataalamu wawili wa Ujerumani, Julius Sachs na Wilhelm Knop, wakaotesha mimea katika maji yaliyotiwa madini waliyoyapima wenyewe, wala hapakuwa na udongo hata kidogo. Leo yajulikana ya kuwa mmea hutafuta kwa mizizi yake madini 14, mengine mengi kama naitrojeni na potasiamu, mengine kidogo sana kama zinki na shaba. Na yote yaweza kuyeyushwa katika maji.

Huko California katika Marekani, W. F. Gericke aliitoa kazi hii katika vyumba vya wataalamu akaiweka mbele ya wakulima, na mwaka 1937 jina la haidroponiki likapigwa chapa. Jina hilo limetoka katika maneno mawili ya Kiyunani: moja maana yake ni maji, na la pili maana yake ni kazi. Wanaodhani ya kuwa kilimo hiki hakina taabu na wakumbuke lile neno la pili. Mwaka 1945 askari wa Marekani waliokuwa katika kisiwa cha Ascension, kisiwa cha mawe ya volkano katikati ya bahari ya Atlantiki, walipata mboga mbichi kwa kuzipanda katika vitanda vya changarawe vilivyonyweshwa maji ya mbolea. Changarawe ile haikuwa na rutuba yoyote. Ilishika mizizi tu, ikapitisha maji, ikaacha nafasi ya hewa.

Basi hapa ndipo penye shina la jambo letu. Katika kilimo hiki ile kazi ya nne, kazi ya kulisha, imeondolewa katika udongo ikatiwa katika maji. Zimebaki kazi tatu: kushika mmea, kuweka maji, na kupitisha hewa. Kitu kitakachofanya kazi hizo tatu tutakiita makao ya mizizi. Msiulize tena, “Makao haya yana rutuba gani?” Ulizeni, “Makao haya yashika maji kiasi gani, na hewa kiasi gani, na je, yana kitu kibaya ndani yake?”

MZIZI NAO HUVUTA HEWA

Watu wengi husahau hewa. Huona mmea umenyauka, wakadhani una kiu, wakaongeza maji. Kumbe mizizi imekwisha kuzama, nao wanaimalizia. Mzizi huvuta oksijeni mchana na usiku, na ukiikosa hugeuka rangi ya kahawia, ukateleza, ukanuka, kisha ukaoza.

Katika nchi za joto hatari hii ni kubwa kuliko ilivyo Ulaya. Lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi yaweza kushika oksijeni karibu miligramu 9. Joto likifika nyuzi 30 yashika karibu miligramu 7 na nusu tu. Tena mizizi yenyewe, ikipata joto, hutaka hewa zaidi na si kidogo zaidi. Kwa hiyo makao yaliyofaa katika nyumba ya kioo ya nchi ya baridi yaweza kuwa maji mno katika ndoo nyeusi iliyowekwa juani Mombasa au Dar es Salaam.

ULIZO LA KWANZA: MAJI YATAKUJAJE?

Kabla ya kwenda kununua au kukusanya kitu chochote, kaa kitako ujiulize: maji ya mbolea yataifikia mizizi kwa njia gani, na mara ngapi kwa siku? Ulizo hili latangulia yote, nalo ndilo watu wasilojiuliza.

Ikiwa utanywesha kwa mkono, asubuhi na jioni, kama wafanyavyo watu wengi wenye nyumba, wataka makao yawezayo kushika maji tangu asubuhi mpaka jioni. Changarawe tupu haitakufaa, kwa kuwa maji hupita ndani yake kama yapitavyo katika kikapu.

Ikiwa una pampu ya umeme ipandishayo maji mara nyingi kwa siku, wataka makao yapitishayo maji upesi na kuacha hewa, kama changarawe au mawe mepesi. Lakini fikiri sana habari ya umeme. Ukikatika saa sita mchana wakati wa jua kali, saladi iliyo katika changarawe tupu yaweza kulala chini kabla ya jioni. Lakini iliyo katika makumbi bado ina akiba ya maji. Mahali ambapo umeme si wa kutegemewa, chagua makao yenye akiba, hata kama una pampu.

VITU VILIVYO KARIBU NASI

Mchanga. Mchanga mnene wa mto, ambao punje zake ni za nusu milimita hata milimita 2, ni makao ya kale na mema. Mchanga laini kama unga haufai, maana hushikana ukafunga njia za hewa. Mchanga ni mzito: debe moja la lita 20 lililojaa mchanga uliolowa laweza kupata kilo 35 na zaidi. Kwa hiyo mtu asijaze madebe kumi ya namna hiyo juu ya dari au roshani pasipo kumwuliza fundi. Mchanga wa ufukweni usiutumie kabisa. Una chumvi ya bahari, tena una vipande vya kombe na matumbawe ambavyo ni chokaa. Na zaidi ya hayo, kuuchota huharibu pwani, na mahali pengi ni marufuku.

Changarawe na kokoto. Kokoto za mawe magumu zafaa sana kwa mwenye pampu. Hazichakai, huoshwa zikatumika tena miaka na miaka. Lakini kokoto za pwani aghalabu ni za mawe ya matumbawe, nazo hizo ni adui, kama tutakavyoona chini.

Mawe mepesi ya volkano. Liko jiwe jepesi lenye matundu mengi, jina lake pumisi, ambalo laweza hata kuelea majini. Hupatikana katika Bonde la Ufa, na upande wa Naivasha wapanda maua hulitumia kwa kuoteshea waridi wasioupanda udongoni. Matundu yake madogo huweka maji, na nafasi zilizo kati ya mawe huweka hewa. Kwa hiyo jiwe hili lafanya kazi mbili pamoja. Wakaao karibu na milima ya volkano, kama watu wa Arusha na Moshi, wana mawe yao mekundu au meusi yenye matundu, ambayo yakivunjwavunjwa na kuchekechwa na kuoshwa vumbi yaweza kufanya kazi iyo hiyo.

Makumbi ya nazi. Vumbi na nyuzi za makumbi hushika maji mengi, na bado huacha hewa. Ni mepesi, na pwani yetu yapo tele. Katika maduka ya mbolea huuzwa pia matofali yaliyokaushwa na kushindiliwa, mengi ya kutoka Bara Hindi na Sri Lanka. Tofali la kilo 5 likitiwa maji hufumuka likawa lita 60 na zaidi. Lakini makumbi yana siri moja ambayo imeua miche mingi. Mnazi hupenda pwani, na makumbi yake yana chumvi za sodiamu na potasiamu. Na yale yaliyozikwa katika tope la bahari miezi kadhaa ili kupata usumba wa kusokota kamba, kama wafanyavyo wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, yamenywa chumvi zaidi. Kwa hiyo sharti yaoshwe. Yaloweke katika maji baridi yasiyo na chumvi, uyakamue, umwage maji, ukarudia mara tatu au nne mpaka maji yatoke bila rangi nyingi. Kisha yaloweke usiku kucha katika maji yaliyoyeyushwa mbolea ya kalsiamu naitreti. Kalsiamu ile huingia katika makumbi na kuifukuza sodiamu iliyojishika humo, ambayo maji matupu hayawezi kuitoa yote. Asubuhi suuza mara moja, ndipo uyatumie. Angalia, mbolea hiyo si ile iitwayo CAN, ambayo ina amonia ndani yake.

Makapi ya mpunga. Penye mashine za kukoboa mpunga, kama Mwea, Mbarali na Kilombero, makapi hutupwa vilima kwa vilima. Hayaozi upesi, kwa kuwa yana silika nyingi. Nayo hupitisha hewa vizuri sana. Upungufu wake ni kwamba hushika maji kidogo. Basi yafaa kuchanganywa na makumbi kuliko kutumiwa peke yake. Yamwagie maji yachemkayo kwanza, ili punje za mpunga na mbegu za magugu zilizobaki ndani zife. Makapi yaliyochomwa mpaka yakawa kama makaa, lakini hayajawa majivu, hushika maji zaidi. Ila sharti yaoshwe sana, kwa sababu majivu yana ukali kama wa magadi.

Unga wa mbao. Huu hupatikana bure kwa maseremala, na watu wengi huutamani. Lakini huoza, na vijidudu viozeshavyo mbao hula naitrojeni iliyo katika maji ya mbolea, mmea ukabaki na njaa, majani yakawa manjano. Tena miti mingine ina utomvu wenye sumu kwa miche, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zina hatari kwa mlaji mwenyewe. Asiyejua unga umetoka katika mbao gani na auache.

Vigae na matofali ya kuchoma. Matofali mabovu yaliyovunjwa vipande vidogo kama punje za mahindi, yakaoshwa vumbi, hufanya kazi karibu na ile ya vidonge vya udongo wa kuchoma viuzwavyo kwa bei kubwa. Ondoa vipande vyote vyenye saruji au chokaa.

Vitu vya ng'ambo. Viko vingi, na mwenye navyo hakukosea. Paliti ni kioo cha volkano kilichotiwa katika joto kubwa mpaka kikafumuka kama bisi. Ni nyepesi na nyeupe, na hupitisha hewa. Vamikulaiti hushika maji mengi, lakini ikibanwa hupondeka. Sufu ya mawe, ambayo watu wa Denmark waliianza kwa kilimo mwaka 1969, hufanywa kwa kuyeyusha mawe na kuyasokota kama sukari ya sikukuu. Ni safi, hushika maji na hewa pamoja, ila haiozi kamwe, na aliyekwisha kuitumia hana pa kuitupa. Vitu hivi vina faida moja kubwa: mfuko wa leo ni sawa na mfuko wa jana. Mkulima mkubwa hulipia usawa huo. Mwenye ndoo kumi nyuma ya nyumba aweza kuupata usawa wa kutosha kwa kuosha na kujaribu.

MAJARIBIO MATATU

Msimwamini mtu, wala gazeti, mpaka mmejaribu wenyewe. Majaribio haya hayataki chombo cha gharama, na walimu waweza kuyafanya mbele ya darasa.

La kwanza ni jaribio la ndimu. Chukua mchanga au kokoto kavu, udondoshe maji ya ndimu au siki kali. Ukiona mapovu au kusikia mchirizo, mna chokaa ndani. Ubaya wa chokaa ni huu: maji ya mbolea hutakiwa kuwa na uchachu kidogo, na katika kile kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ndiyo katikati, yawe kati ya 5.5 na 6.5. Chokaa huyapandisha kila siku, na madini ya chuma huacha kuyeyuka, ingawa yapo. Ndipo majani machanga hugeuka manjano, mishipa yake ikabaki kijani. Mkulima huongeza mbolea, lakini haisaidii, maana chakula kimo mezani na mmea hauwezi kukila.

La pili ni jaribio la kopo. Twaa kopo lijaalo lita 1 sawasawa, ulitoboe matundu chini, kisha uyazibe kwa utepe. Jaza makao yako mpaka ukingoni. Kama ni makumbi, yalowanishe kidogo kwanza. Mimina maji polepole mpaka yaonekane juu, usubiri kitambo, na yakishuka uongeze. Sasa weka bakuli chini, ondoa utepe, uache maji yatoke yote. Pima maji yaliyotoka: nafasi waliyoiacha ndiyo iliyoingia hewa. Kwa mfano, yakitoka mililita 200, hewa ni sehemu 20 katika 100. Makao mema huwa kati ya sehemu 10 na 30. Yakipungua chini ya 10, mizizi itazama ukinywesha mara nyingi. Yakizidi 30, jiandae kunywesha mara nyingi, au changanya na kitu kishikacho maji.

La tatu ni jaribio la mbegu. Panda mbegu 20 za sukuma wiki katika makao yako, na mbegu nyingine 20 za pakiti iyo hiyo katika kitambaa safi kilicholowa. Nywesha zote maji matupu. Zikiota sawa, vema. Zikiota katika kitambaa, lakini katika makao zikafa au zikaungua ncha, mna chumvi au sumu. Rudi ukaoshe tena. Mbegu 20 zikifa si msiba; miche 200 ikifa ndio msiba.

KINA CHA CHOMBO

Liko jambo moja ambalo hata wakulima wazoefu hawalijui. Makao yale yale, yakitiwa katika sinia fupi, hubaki na maji mengi kuliko yakitiwa katika ndoo ndefu. Ukitaka kuamini, chukua sponji iliyojaa maji, uishike imelala mpaka iache kudondosha. Kisha uisimamishe wima, nayo itadondosha tena. Maji hujikusanya katika tabaka la chini, na tabaka hilo lina kimo kile kile katika chombo kirefu na katika kifupi. Kwa hiyo katika chombo kifupi mizizi karibu yote imo majini. Ukiwa na sinia fupi, tumia makao manene yenye hewa nyingi. Ukiwa na ndoo ndefu, waweza kutumia makao yashikayo maji zaidi.

Ndiyo sababu ile desturi ya kutandika mawe chini ya ndoo “ili maji yatoke vizuri” haisaidii. Maji husimama juu ya mawe, katika makao yaliyo laini zaidi, na lile tabaka lenye maji lapandishwa tu likaikaribia mizizi. Toboa matundu ya kutosha, ujaze kitu kimoja tangu chini mpaka juu.

SHAURI LETU

Sasa tuseme kwa ufupi, kadiri ya mahali pa kila mtu. Aliye pwani, anyweshaye kwa mkono, na atumie makumbi yaliyooshwa na kulowekwa katika kalsiamu. Akipata makapi ya mpunga, achanganye sehemu mbili za makumbi na moja ya makapi. Aliye karibu na Bonde la Ufa au milima ya volkano asinunue kitu cha mbali, bali achekeche mawe yake mepesi, na akiona yakauka upesi aongeze makumbi. Aliye na mto wenye mchanga mnene usio na chokaa, na nafasi ya kuweka vyombo chini, atumie mchanga huo. Mwenye pampu na umeme wa kutegemewa atumie changarawe au mawe ya volkano.

Kila anyweshaye kwa mkono amimine mpaka maji kidogo yatoke chini, kama sehemu moja katika kumi au zaidi kidogo, ili chumvi za mbolea zisijikusanye. Na mara moja kwa juma apitishe maji matupu. Mavuno yakiisha, mawe na mchanga vioshwe, mizizi ya zamani iondolewe, kisha vimwagiwe maji yachemkayo kabla ya kupandwa tena. Maana aliyekimbia ugonjwa wa udongoni asiulete tena kwa mchanga mchafu wa mto. Makumbi yaliyochoka, baada ya misimu miwili au mitatu, yatupwe chini ya migomba, nayo hayatapotea bure.

Walimu twawasihi wasianze kwa vitanda virefu. Waanze kwa makopo manne: moja la mchanga, moja la makumbi yaliyooshwa, moja la makumbi yasiyooshwa, na moja la mchanganyiko. Mbegu ziwe moja, maji yawe yale yale, watoto waandike kila siku wanayoyaona. Baada ya majuma matatu mzazi akija shuleni kuuliza ajaze nini ndoo zake, mtoto wake mwenyewe atamwonyesha makopo manne na kumweleza sababu.

Na wazazi nao wafanye vivyo hivyo nyumbani. Makopo mawili ya mchicha kando ya mlango wa jikoni yatamfundisha mama mwenye nyumba zaidi ya maneno ya muuza duka, wala hayatamgharimu kitu ila mbegu kidogo na saburi ya majuma matatu.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kupima na kuchanganya maji ya mbolea yenyewe. Yeyote aliye na jaribio lake na atuandikie, alitaja kopo lake, na makao yake, na kiasi cha maji yaliyotoka chini.